Mtani Alipoweka Utani Chini

Hakuwahi kubisha hodi nyumbani kwangu. Uko jikoni unageuza chapati, unasikia mfuniko wa sufuria unafunuliwa nyuma yako, kumbe ni yeye, ameshachovya kidole kwenye mchuzi na ameshakunja uso. Atasema chumvi imekosa nauli ya kufika, au kwamba inaonekana kwetu Tabora watu wanapika kwa kukisia. Kisha anavuta kigoda na kula mpaka anaomba ukoko. Watoto wangu walimwita Mtani, mume wangu alimwita Mtani, na mimi vivyo hivyo. Jina lake nalijua, lakini nikilitamka naona kama namtaja mtu mwingine.

Yeye alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, sisi Wanyamwezi. Makabila haya ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo hadi pwani na kukatiza katika nchi ya babu zao. Kwa hiyo mimi nilikuwa mpagazi wake. Ndivyo alivyoniita mbele ya wageni, mbele ya mchungaji, na siku moja mbele ya mwalimu mkuu wangu, alipouliza huyu mpagazi wake wanamlipa mshahara kwa mzigo gani. Mimi nilimwita mcheza ngoma. Nilimwambia Mzaramo akisikia ngoma inalia huko Dutumi anaacha hata swala katikati. Mtani hakasirikiwi. Akichukua kitu chako hajaiba, na akikutukana hujatukanwa. Tulilelewa hivyo wote, yeye kwao na mimi kwetu.

Mtu asidhani nilimpenda tangu mwanzo. Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Nafundisha darasa la tatu hapa Kibaha, na watoto wa darasa la tatu wamenifundisha kumtazama mikono yule anayekimbia kuja kusema nani kavunja kioo. Mtani nilimtazama mikono miaka yote. Alikuwa rafiki wa kila mtu, na mtu aliye rafiki wa kila mtu mimi hunikosesha usingizi.

Kazi yake ilikuwa kusuka vitanda vya kamba. Alikuja na baiskeli kutoka Kisarawe, akipitia Kiluvya, mafundo ya kamba za usumba wa nazi yamening'inia nyuma, na akifika huku kwetu Mbwawa alikaa siku kadhaa akizunguka nyumba kwa nyumba kukaza vitanda vilivyolegea. Kulala, alilala kwa mpwa wake. Huyo mpwa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, nondo, saruji na mabati, na duka lenyewe lilipakana na kiwanja chetu. Mpwa ndiye aliyempa chumba cha stoo cha kulala, ndiye aliyemlisha, na macho ya mzee yalipoanza kuingia ukungu, ndiye aliyempeleka hospitali Tumbi. Haya nayasema mapema kwa sababu yana kazi yake huko mbele.

Alikuwa na tabia moja iliyonichosha na kunivutia. Hakuacha maneno ya watu yapite. Sisi wengine tukiambiana tuko pamoja, tunasema tu kama mtu anavyosema karibu tena. Yeye alisimama hapohapo. Jirani alimwambia hivyo siku moja, tuko pamoja mzee wangu, naye akaweka kamba chini akamuuliza: pamoja kwenye lipi? Jirani akacheka. Mtani hakucheka. Akasema yeye anataka kujua, maana kama ni pamoja kwenye kula ataleta sahani, na kama ni pamoja kwenye kesi ataleta shuka la kulalia mahabusu. Jirani aliondoka akitikisa kichwa. Mimi nilikuwa dirishani nikijiuliza hawa wawili wana kesi gani.

"Mtu wetu" nayo hakuipenda. Alisema ameitwa mtu wetu mara nyingi maishani, na kila mara, kabla jua halijazama, aliombwa kitu ambacho mtu mwenye haya asingekiomba kwa mgeni. Mwaka mmoja wa uchaguzi wa mtaa walimwita mtu wetu upande huu na upande ule. Alikula pilau kote kuwili na siku ya kura akaenda kwao Kisarawe kuvuna mihogo. Watu walimsema kwamba anauma na kupuliza. Nilikuwa miongoni mwao, na nilimwambia usoni. Akanijibu kwamba pilau ya upande mmoja ilikuwa na mawe.

Kuhusu "yaishe" alikuwa mkali kidogo. Alisema ukisikia watu wawili wamegombana na mmoja anasema yaishe, tazama ni yupi. Mara nyingi ni yule aliyekosa, tena anasema haraka, kabla hajaulizwa. Mume wangu alikuwepo siku ile, na nakumbuka alinyanyuka kwenda kuangalia maji ya kuku ambao hawakuwa na shida yoyote ya maji. Wakati huo sikuona kitu. Na "mimi simo" ndiyo ilimchekesha kuliko zote. Alisema asiyemo hana haja ya kusema, kwa sababu hakuna anayemuuliza. Anayesema simo ni yule aliyekwisha kuingia na sasa anatafuta mlango.

Ukimsikia hivyo utadhani ni mtu mnyoofu kama rula. Thubutu! Alidanganya vitu vidogo bila aibu. Alisema hajala tangu jana wakati ndevu zake zina chembe za kitumbua. Sufuria yangu ya alumini, ile kubwa ya sikukuu, aliichukua kwa haki ya utani na haikurudi. Alikuwa hapitwi na swala tano, lakini Krismasi alifika kabla ya ndugu zangu na kulalamika kwamba nyama mwaka huu imekuwa chache. Aliogopa mbwa hadi aibu. Na mtu huyo huyo mwenye mdomo, siku nilipokwenda kwake Kisarawe kumpa pole ya msiba wa mama mkwe wake, sikumtambua. Mbele ya wakwe zake alikuwa na sauti nyingine. Alizungumza chini chini, akitazama mkeka, kila neno limepigwa pasi. Habari za huko mtokako. Tunashukuru. Karibuni sana. Nilimkonyeza, akajifanya hanioni. Nikasema moyoni, kumbe huyu mzee ana sauti mbili, sasa nitajuaje ipi ni yake?

Mume wangu alifariki wakati wa mvua za masika. Sina la kupamba hapo. Alikuwa mtu mpole, mpole kupita kiasi, na alitaka azikwe huku huku Mbwawa. Kaka yake aliyekaa Dar, ambaye nitamwita Shemeji kama nilivyomwita maisha yote, alikuja na gari, akashika kila kitu, akanishika na mkono. Akaniambia, "Shemeji, tuko pamoja." Nililia kwa shukrani. Halafu nikainua macho, nikamwona Mtani amesimama karibu na turubai, anatutazama.

Kwetu na kwao, msiba ni wa watani. Wao ndio wanaoamuru, wao ndio wanaozuia jeneza lisitoke mpaka wapewe kuku, wao ndio wanaomwigiza marehemu ili waliao wapate kupumua. Mtani aliingia chumbani kwangu bila kuuliza akatoka amevaa koti la mume wangu, lile la kahawia la kanisani, na miwani yake. Akakaa kwenye kiti chake. Akakohoa kama yeye, akaita chai kama yeye, sauti ile ile ya kuomba msamaha. Watu waliokuwa wakilia walianza kucheka huku machozi yanawatoka. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na wanawake.

Kisha akamgeukia Shemeji. Akasema, kwa sauti ya marehemu, "Kaka, chako si ulishakila? Mbona sasa unanusa changu?"

Msiba mzima uliangua kicheko. Shemeji alicheka kuliko wote, akaingiza mkono mfukoni akampa Mtani noti, maana ndivyo mtani anavyonyamazishwa. Mtani aliipokea akaitia kwenye mfuko wa koti la mume wangu. Na mimi? Nilikasirika. Nilisema mzee huyu hana adabu, anatumia koti la marehemu wangu kuombea pesa. Wanawake waliokuwa karibu waliniambia ni utani tu, mama, mwache. Nikamwacha. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile, kwangu na kwa watu wote waliokuwa pale, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mzee ana maana gani.

Baada ya arobaini Shemeji alirudi. Safari hii hakusema tuko pamoja. Alisema kiwanja na nyumba ni mali ya yeye na mdogo wake, walitafuta wote wawili walipokuja kutoka Tabora vijana, na kwamba jina la marehemu kwenye karatasi liliandikwa tu kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ajira ya serikali. Alisema yeye ni kaka mkubwa, na anaona vyema pauzwe, nami nirudi nyumbani Tabora nikapumzike. Nikapumzike! Nina kazi, nina watoto wanasoma, nina kaburi la mume wangu umbali wa kupeleka maua kwa miguu. Mnunuzi alikuwa tayari. Alikuwa mpwa wa Mtani, aliyetaka kupanua duka.

Unaona basi. Mimi niliolewa nyumba imekwisha kujengwa. Siku za kiwanja kununuliwa sikuwepo. Waliokuwepo ni mume wangu, ambaye yuko chini, Shemeji mwenyewe, na mzee mmoja aliyepima mipaka kwa kamba zake za vitanda, kwa kuwa wauzaji walikuwa watu wa ukoo wake. Mzee huyo anakula na kulala kwa mnunuzi.

Wiki hizo zote kabla ya kikao cha ukoo cha kuamua jambo hili nilimchunga Mtani kama mwizi. Nilimwona kibarazani kwa mpwa wake, anakunywa chai na Shemeji. Nilimwona Shemeji anamwekea sukari. Alipokuja kwangu akafunua sufuria kama kawaida, nilimuuliza moja kwa moja kama atasimama na mimi. Akasema mpagazi akisimama mzigo utaanguka. Nikamwambia siko kwenye utani. Akala, akaondoka. Sikulala usiku ule. Asubuhi nilimwambia mwanangu wa kwanza kwamba nyumba imekwenda, mzee ameshanunuliwa kwa chai. Ndivyo nilivyosema, na nilikuwa na hakika nayo.

Kikao kilifanyika uani kwangu. Mwenyekiti wa mtaa alikuja, wazee wa ukoo wetu walitoka Tabora, Shemeji alikaa upande wao na mpwa akakaa karibu na mlango kama mtu aliyepita tu. Shemeji alieleza vizuri. Alikuwa na mdomo mtamu, na sehemu ya aliyoyasema ilikuwa kweli. Alikuwa kweli amelala kwenye kibanda cha mabati akilinda tofali. Alikuwa kweli amechimba msingi kwa mikono yake. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mwenyekiti akauliza nani mwingine anajua habari za kiwanja. Mtani akanyanyua mkono kutoka kule nyuma alikokuwa amechuchumaa.

Shemeji hakungoja. Alicheka kwa ukarimu kabisa akasema, "Wazee wangu, huyu ni mtani wetu. Juzi msibani alivaa koti la marehemu akanitukana, tukacheka wote. Tangu lini mtani akawa shahidi?"

Na wazee wakakubali. Hapo ndipo palipo na uchungu wake. Hawakuwa wabaya, walikuwa wanafuata tulichofundishwa sote. Mtani hakasirikiwi, kwa hiyo mtani haaminiwi. Alichokisema msibani kilikuwa kimeshalipiwa kwa noti moja na kuzikwa pamoja na marehemu. Mzee mmoja alimwambia kwa upole akae, asiharibu mazungumzo.

Mtani hakukaa. Alivua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele za watu, akaja katikati ya uwanja. Alipofungua mdomo nilisikia ile sauti nyingine, ile ya ukweni. Chini chini, macho kwenye mchanga.

"Leo sina utani na nyumba hii," alisema. "Nauweka chini hapa, mbele yenu. Nisikilizeni kama mnavyomsikiliza mgeni, na atakayeona naongopa anipeleke msikitini nikaape."

Sijui kama nitaweza kumfanya aelewe mtu asiyekulia kwenye utani, lakini wazee wa Tabora walijiinamia, na mmoja akasema polepole, aseme.

Akasema. Viwanja vilikuwa viwili. Ndugu hawa wawili walinunua siku moja, kila mmoja na chake, bega kwa bega, na yeye ndiye aliyevuta kamba katikati. Walisaidiana kuchimba, ndiyo, kama ndugu wanavyosaidiana. Kisha Shemeji akauza chake kimyakimya, wala hakuwaambia watu wa Tabora, akamuuzia huyu kijana aliyekaa mlangoni. Duka la nondo na saruji lilikuwa limesimama juu ya kiwanja cha Shemeji. Marehemu alipojua alikasirika siku moja tu. Shemeji alikuja akasema yaishe, na marehemu akakubali yaishe, akamwomba yeye Mtani asimfedheheshe kaka yake kwa mtu yeyote, hata kwa mkewe.

Hata kwa mkewe. Nilijisikia vibaya, nasema ukweli wangu. Miaka yote nilipanda maua kando ya ukuta wa duka lile nikiambiwa jirani alinunua kwa wenyeji. Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake.

Mwenyekiti akamgeukia mpwa, akamuuliza haya yakoje. Mpwa alitazama viatu vyake. Alikuwa kijana mzuri, sikatai, alikuwa amemlisha mjomba wake miaka na miaka.

"Mimi simo," akasema.

Nikamtazama Mtani haraka. Alikuwa amefumba macho.

Mwenyekiti alimwambia hakuulizwa kama yumo, ameulizwa kiwanja cha duka alinunua kwa nani. Mpwa alimfukuza kuku aliyepita miguuni pake. Kisha akanyoosha kidole kwa Shemeji, bila kumtazama. Basi. Shemeji aliondoka kabla chakula hakijapakuliwa, na wazee wakakila kwa niaba yake.

Nyumba ilibaki. Ninapoandika haya nimekaa ndani yake. Jioni ya siku ile, mafundo ya kamba ya Mtani yalikuwa nje ya duka, kwenye mchanga, pamoja na mkeka wake na birika la kutawadhia. Mpwa hakupiga kelele, alifunga tu mlango wa stoo. Mzee alifunga vitu vyake kwenye baiskeli taratibu. Nilitoka mbio kumwambia alale kwangu, lakini alinishukuru kwa heshima, akaaga, akapotelea upande wa Kiluvya.

Hapo shuku yangu ikaanza upya. Ndiyo, hata baada ya hayo. Nilijiuliza, mtu anaharibu kwa mpwa wake anayemlisha, ili apate nini? Mjane wa mtani ni nani kwake? Nilingoja aje adai. Nilipanga hata nitakachomjibu. Hakuja. Nilikutana naye mjini Kibaha, karibu na stendi, nikajiandaa kuitwa mpagazi mbele ya umati. Aliteremka kwenye baiskeli. Akasema, "Habari za siku nyingi, mama. Watoto hawajambo?" Sauti ile ile ya ukweni. Nikamwita mcheza ngoma, akatabasamu kwa adabu, akatazama pembeni. Nilimpelekea mke wake khanga na sukari, nikajibiwa kwa salamu ndefu za shukrani. Alipokuja Mbwawa kusuka vitanda, mara chache sana sasa, alisimama nje ya uzio wangu akapiga hodi.

Hodi! Nyumba nzima tulimsikia mtu yule akipiga hodi. Mwanangu aliniuliza Mtani ana hasira gani na sisi. Nikamwambia mzee ana lake jambo, ngojeni tu mtaliona. Nikafunga jiko kwa ndani, eti asije akaingia. Hakuwa na nia ya kuingia. Na usiku, nikifunua sufuria mwenyewe kuonja, nilikuwa nalia bila sababu ninayoweza kuieleza.

Miaka imepita hivyo. Mwaka huu Shemeji alifariki, huko huko Dar. Nilikwenda kumzika, alikuwa kaka wa mume wangu. Ulikuwa msiba wa mjini, turubai nzuri, chakula cha kuletwa, kila mtu na simu yake. Hakuna aliyezuia jeneza. Hakuna aliyevaa shati lake na kukohoa kama yeye. Watu walisema alikuwa na marafiki wa kufa na kuzikana, na nikakumbuka Mtani alivyowahi kuliambua neno hilo akiwa anakaza kitanda changu: kufa hakuna ushirika, alisema, kila mtu anakwenda na zake, lakini kuzikana ndiyo kazi, na hapo ndipo utawahesabu. Niliangalia huku na huku pale makaburini, nikaona tunazika mtu kama tunavyopakua mzigo.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kisarawe.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kitanda alichokisuka mwenyewe, miguu imevimba, macho yameingia ukungu zaidi. Mkewe alinikaribisha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu nilimwamkia kama wanavyoamkiwa wazee wengine, shikamoo, naye akaitikia marahaba, na sote wawili tukaona aibu. Nikamweleza habari za msiba. Akasema Mungu amrehemu, na alisema kwa moyo, hilo niliona. Akauliza watoto. Akauliza mvua. Nilivumilia mpaka chai ikaisha, kisha nikamuuliza swali nililokaa nalo miaka yote: alitaka nini kwangu?

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamwambia ameiokoa nyumba yangu halafu akanifanya mgeni, na mimi nimeishi nikingoja bei.

Alipapasa kamba za kitanda kwa vidole. Akaniambia kwa sauti ile ya chini kwamba hapakuwa na bei. "Utani niliuweka chini pale uwanjani. Ningeuokota wiki ya pili, shemeji yako angesema, mnaona, yule mzee alikuwa anatania tangu mwanzo. Angerudi. Ningekutania wewe, ningekuuza."

Halafu akasema mpwa wake humletea unga siku hizi, lakini anaushusha mlangoni, haingii.

Nilikaa pale kama mtoto wa darasa la tatu aliyeshikwa. Mwanamke mzima, mwenye shuku za kutosha kata nzima, na hili sikulishuku. Nilitaka kumwomba msamaha, nikajua atanijibu kwa adabu, na adabu yake nilikuwa nimeshiba. Shemeji ameshazikwa. Hakuna tena wa kurudi. Lakini hilo sikumwambia, maana habari za msiba alikuwa ameshazisikia, angejua mwenyewe.

Nikainuka kuaga. Uani palikuwa na jogoo wao, mkubwa, mwekundu, anatembea kama mwenye nyumba. Nikainama nikamkamata. Akapiga mabawa, manyoya yakaruka, mkewe akatoka jikoni akasimama na mwiko mkononi. Nilimbana kwapani nikaanza kuelekea njiani. Mtani akichukua kitu hajaiba, lakini kama huyu mzee si mtani wangu tena, basi mimi ni mwalimu mwenye nywele nyeupe anayeiba kuku wa mgonjwa mchana kweupe. Nilitembea taratibu. Nilipita kitanda, nikapita tenki la maji. Nilifika kwenye uzio wa minyaa, jogoo ananidonoa mkono, na nusura nigeuke kurudi kuomba radhi.

"We mpagazi!"

Nilisimama. Sauti ilikuwa ya kupasuka, ya kukohoa, haikupigwa pasi hata kidogo.

"Mbebe begani huyo, kama babu yako! Na sufuria lako njoo ulichukue, limetoboka!"

Nikampandisha jogoo begani. Nikatoka naye hivyo hadi barabarani, watu wa Kisarawe wananitazama.